Miaka ya Mwanzo ya Fairport Convention, 1967–1971: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa sana na wasikilizaji wanaoanza kuifuatilia Fairport Convention, bendi ya London iliyochukua nyimbo za jadi za Uingereza na kuzipiga kwa gita la umeme, besi na dramu. Pale ambapo simulizi za mitaani zimepinda tumejibu kwa kirefu. Pale pasipo na utata tumepita haraka.

Bendi ilianza lini, na "miaka ya mwanzo" inaishia wapi?

Tunahesabu kuanzia tarehe 27 Mei 1967, siku ya onyesho la kwanza katika ukumbi wa kanisa la St Michael, Golders Green, kaskazini mwa London. Tunaishia Januari 1971, Richard Thompson alipoaga. Katika muda huo usiofika miaka minne zilitoka albamu tano: "Fairport Convention" (Juni 1968), "What We Did on Our Holidays" (Januari 1969), "Unhalfbricking" (Julai 1969), "Liege & Lief" (Desemba 1969) na "Full House" (Julai 1970). Tazama vizuri tarehe hizo: tatu kati ya hizo tano zilitoka ndani ya mwaka mmoja, mwaka uleule ambao bendi ilipata ajali na kumzika mpiga dramu wake.

Jina limetoka wapi?

Fairport ni jina la nyumba ya familia ya Simon Nicol, mtaa wa Muswell Hill. Baba yake alikuwa daktari. Ashley Hutchings alipanga chumba humo, na humohumo vijana wakawa wanakutana kufanya mazoezi.

Ni akina nani walioianzisha?

Hutchings alipiga besi na ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Nicol, kijana wa miaka 16, alipiga gita la rithim. Thompson, miaka 18, alishika solo, na mchana alikuwa akijifunza kazi ya kutengeneza vioo vya rangi. Dramu zilipigwa na Shaun Frater, lakini kwa onyesho lile moja tu. Miongoni mwa watazamaji alikuwepo Martin Lamble, naye akawaambia kwamba anaweza kupiga vizuri zaidi. Wakamjaribu, wakamchukua. Muda mfupi baadaye akaingia mwimbaji Judy Dyble, na kabla mwaka haujaisha akaongezeka Iain Matthews, ambaye wakati huo bado alitumia jina la Ian MacDonald.

Mbona albamu ya kwanza haina harufu ya nyimbo za jadi?

Kwa sababu hawakuwa bendi ya nyimbo za jadi. Walikuwa vijana wa mjini waliopenda muziki wa Marekani na walikuwa hodari wa kukopi. Tofauti yao na bendi nyingine za kukopi ilikuwa uchaguzi: badala ya kupiga nyimbo ambazo kila mtu alishazisikia redioni, walitafuta zile ambazo hazijafika Uingereza. Prodyuza wao Joe Boyd, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa klabu ya UFO katikati ya London, alikuwa na kanda za majaribio za mtunzi ambaye wakati huo hakujulikana sana, Joni Mitchell. Ndiyo maana albamu ya kwanza ina nyimbo zake mbili, "Chelsea Morning" na "I Don't Know Where I Stand". Leonard Cohen na Bob Dylan nao waliimbwa sana jukwaani.

Waandishi wa siku hizo waliwafananisha na Jefferson Airplane ya San Francisco, kwa kuwa na wao walikuwa na mwimbaji wa kike na wa kiume mbele na gita la solo linalorefuka. Ukisikiliza albamu hiyo leo utaona mfano huo ulistahili. Ni kazi safi ya wanafunzi wazuri.

Je, Fairport ilikuwa bendi huru?

Mwanzoni ilikuwa huru nusu. Haikuajiriwa moja kwa moja na kampuni kubwa ya santuri, bali ilikuwa chini ya Witchseason, kampuni ndogo ya Joe Boyd. Utaratibu wenyewe ulikwenda hivi: Witchseason inasaini mkataba na wanamuziki, inalipa studio, inasimamia kurekodi, kisha inaikabidhi kanda iliyokamilika kwa kampuni kubwa ili ichape na kusambaza. Santuri ndogo ya kwanza, "If I Had a Ribbon Bow", ilitoka Februari 1968 kwa lebo ya Track. Albamu ya kwanza ilikwenda Polydor, na zilizofuata zikaenda Island.

Faida yake ni kwamba hakuna meneja wa kampuni kubwa aliyesimama studio kuwaambia wimbo wa dakika 11 hauwezi kuuzwa. Hasara yake ni kwamba kampuni ndogo yenye wasanii wengi wasiouza sana haikawii kuelemewa na madeni. Witchseason iliwabeba pia Incredible String Band, John Martyn na Nick Drake, ambaye ni Hutchings aliyemwona akiimba na kumpeleka kwa Boyd. Mwishowe Boyd aliiuza kwa Island akaenda kufanya kazi Warner Bros. huko California, na bendi ikabaki bila mtu aliyekuwa akiamua nayo kila kitu.

Uhuru kamili ulikuja baadaye sana. Mwaka 1979 kampuni ya Vertigo iliona ni nafuu kuwalipa wasirekodi albamu zilizobaki kwenye mkataba kuliko kuzitoa. Tarehe 4 Agosti mwaka huo wakapiga mchana Knebworth, kwenye tamasha la Led Zeppelin, na usiku wakafanya onyesho la kuaga katika kijiji cha Cropredy, Oxfordshire. Hakuna kampuni iliyotaka kanda za kuaga huko, wakazitoa wenyewe. Kutoka hapo ikazaliwa Woodworm Records, lebo yao wenyewe iliyosimamiwa na mpiga besi Dave Pegg na mkewe wa wakati huo Christine, ambayo mwaka 1985 ilitoa "Gladys' Leap". Mkutano wa kila Agosti pale Cropredy ukakua kuwa tamasha ambalo bendi inaliendesha yenyewe.

Sandy Denny aliingiaje?

Mei 1968 Judy Dyble aliachishwa, na katika majaribio ya waimbaji akapatikana Sandy Denny, mzaliwa wa Wimbledon, miaka 21. Alikuwa ameshapita klabu nyingi za nyimbo za jadi za London, ambako mtu huimba na gita moja, bila maikrofoni mara nyingi, mbele ya wasikilizaji wanaokaa kimya. Alikuwa pia amesharekodi na bendi ya Strawbs mjini Copenhagen mwaka 1967, na ameshatunga "Who Knows Where the Time Goes?", ambao Judy Collins aliurekodi kabla hata Fairport hawajaurekodi.

Alileta vitu viwili. Cha kwanza ni sauti inayoweza kuanza kama mnong'ono na kupanda juu ya bendi nzima bila kupiga kelele. Cha pili, ambacho mara nyingi husahauliwa, ni hazina ya nyimbo za jadi alizokuwa amezihifadhi kichwani.

"A Sailor's Life" ni wimbo wa aina gani, na kwa nini kila mtu anautaja?

Ni wimbo wa jadi kuhusu msichana anayemtafuta mpenzi wake baharia, akapata habari kwamba amezama. Kwenye "Unhalfbricking" unachukua zaidi ya dakika 11 na ulirekodiwa kwa mkupuo mmoja, bila kurudia. Denny alikuwa akiuimba kwenye chumba cha kubadilishia nguo kabla ya maonyesho, wenzake wakaanza kumfuata kwa ala, hatimaye wakautoa jukwaani.

Usikilize namna hii. Kwanza mfuatilie Lamble: hapigi mdundo wa roki, anaviringisha matoazi na ngoma za chini taratibu kama maji yanayosogea. Besi na gita la rithim zinakaa karibu na noti moja na haziendi popote. Juu yake Denny anasimulia bila haraka. Maneno yakiisha, gita la Thompson na fidla ya Dave Swarbrick, aliyealikwa siku hiyo kama mgeni wa kulipwa, zinaanza kujibizana, kasi ikipanda kidogokidogo. Hakuna aliyepanga noti zile. Swarbrick, aliyezaliwa mwaka 1941, alikuwa tayari bingwa wa fidla katika muziki wa jadi, ameshapiga na Ian Campbell Folk Group na Martin Carthy, na hapa alikutana kwa mara ya kwanza na gita la umeme lililoweza kumjibu.

Ile kelele ya kitu kinachovunjika kwenye "Si Tu Dois Partir" ni nini?

Ni chupa ya maziwa. Wimbo huo ni wa Dylan, "If You Gotta Go, Go Now", ulioimbwa kwa Kifaransa kwa ajili ya kuchangamka tu. Tafsiri ilipatikana kwa kuomba msaada wa watazamaji wanaojua Kifaransa katika klabu ya Middle Earth. Studio, Lamble aliacha dramu akawa anagonga migongo ya viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na chupa ikaanguka. Waliiacha. Thompson anapiga kodiani, Swarbrick fidla. Santuri hiyo ndogo ilifika nafasi ya 21 nchini Uingereza, na hakuna nyingine ya bendi hii iliyowahi kuingia kwenye chati hizo.

Nini kilitokea kwenye ajali ya Mei 1969?

Alfajiri ya tarehe 12 Mei 1969, bendi ikirudi London kutoka onyesho katika klabu ya Mothers, Birmingham, gari lao liliacha barabara kuu ya M1 baada ya dereva kusinzia. Walifariki Martin Lamble, miaka 19, na Jeannie Franklyn, mbunifu wa mavazi kutoka Marekani aliyekuwa mpenzi wa Thompson. Hutchings aliumia vibaya usoni. Thompson na Nicol nao walijeruhiwa. Denny hakuwemo garini. Matthews alikuwa ameshaondoka kwenye bendi miezi michache kabla. Baadaye, akiwa na bendi yake ya Matthews Southern Comfort, alifika namba moja Uingereza mwaka 1970.

"Unhalfbricking" ilikuwa imesharekodiwa. Ilipotoka Julai ilifika nafasi ya 12, na wanunuzi wengi walikuwa wakisikiliza dramu za kijana aliyekwisha zikwa.

Ni kweli kwamba ajali ndiyo iliyowafanya wageukie nyimbo za jadi?

Simulizi hii imerudiwa mara nyingi hadi imekuwa kama kweli, lakini haisimami. Angalia mfululizo wenyewe. "What We Did on Our Holidays", iliyotoka miezi minne kabla ya ajali, ina "Nottamun Town" na "She Moves Through the Fair". "A Sailor's Life" ilirekodiwa Lamble akiwa hai, na dramu zake ndizo zinazoubeba. Swarbrick alikuwa ameshaingia studio nao. Njia ilikuwa imeshafunguliwa.

Kilichobadilishwa na ajali ni kitu kingine. Nyimbo zao zote za awali zilikuwa zimejengwa juu ya upigaji wa Lamble, na waliobaki hawakuwa na moyo wa kuzipiga tena na mtu mwingine. Kwa hiyo walipoamua kuendelea walihitaji nyimbo mpya zote kwa pamoja. Wakati huohuo walikuwa wameisikiliza sana "Music from Big Pink", albamu ya bendi iitwayo The Band, iliyotoka 1968, ikawaonyesha kwamba mtu anaweza kupiga roki iliyochimbwa kwenye udongo wa kwao. Udongo wa The Band ulikuwa Amerika. Wao wakaamua kuchimba wa Uingereza. Ajali iliwafungia mlango wa kurudi nyuma. Mlango wa mbele walikuwa wameufungua wenyewe.

Farley Chamberlayne palikuwa na nini?

Nyumba kubwa ya kukodi mashambani, karibu na Winchester. Waliishi humo pamoja majira ya joto ya 1969 wakipona na kufanya mazoezi. Swarbrick alijiunga rasmi. Kwenye dramu akaja Dave Mattacks, aliyetoka kwenye bendi za kumbi za dansi: mpigaji nadhifu, anayeshika wakati barabara, lakini mgeni kabisa wa muziki huu. Hutchings alikuwa akienda London kwenye maktaba ya Cecil Sharp House, makao ya chama cha nyimbo na ngoma za jadi za Uingereza, akinakili maneno na tuni. Swarbrick hakuhitaji maktaba. Tuni zilikuwa vidoleni mwake. Tarehe 24 Septemba walizipiga nyimbo mpya Royal Festival Hall, London, na kisha wakaingia kurekodi "Liege & Lief" katika Sound Techniques, studio ya Chelsea ambamo fundi mitambo John Wood alikuwa amerekodi nao tangu mwanzo.

Walipangaje wimbo kama "Matty Groves" wa albamu hiyo? Bendi yetu inataka kujaribu namna hiyo.

Kwanza ujue kisa. Mke wa bwana mkubwa anamwona kijana Matty Groves kanisani siku ya sikukuu, anamwalika kwake usiku kwa kuwa mumewe hayupo. Mtumishi anasikia, anakimbia kwenda kumwambia bwana. Bwana anawakuta wamelala. Anampa kijana upanga ulio bora kuliko wake na kumwachia pigo la kwanza. Pigo la pili ni lake, na Matty anakufa. Anamwuliza mkewe nani bora. Mke anamjibu kwamba anampenda Matty aliyekufa kuliko yeye. Anauawa naye. Kaburi ni moja, mke akilazwa juu kwa sababu ya ukoo wake. Hakuna mahali msimulizi anaposema nani mwema nani mbaya.

Kazi ya kwanza ni maneno. Visa hivi vina nakala nyingi. Mmarekani Francis James Child alikusanya visa 305 katika karne ya 19, na hiki ni namba 81. Usiimbe kila ubeti uliochapishwa. Chagua nakala moja iwe uti wa mgongo, kisha azima ubeti kutoka nyingine pale tu kisa kinaporuka. Beti zinazorudia habari uzitoe, lakini usiguse mazungumzo ya watu wawili, maana hayo ndiyo yanayomshika msikilizaji.

Kazi ya pili ni tuni. Fairport hawakufungwa na tuni ya kisa: "Matty Groves" yao inafuata tuni inayofanana na "Shady Grove", wimbo wa milima ya Appalachia huko Marekani. "Farewell, Farewell" nayo ina maneno mapya ya Thompson juu ya tuni ya kale ya "Willie o' Winsbury". Ukibadilisha tuni, hakikisha idadi ya mikazo kwa mstari inalingana, la sivyo mwimbaji atalazimika kubana maneno.

Ya tatu ni ufunguo. Anzeni na mwimbaji, kisha msogee kwenye ufunguo unaomfaa mpiga fidla. Nyuzi za fidla ni G, D, A na E. Ukipiga katika D, A au G, anaweza kuacha uzi mmoja wazi ukivuma chini ya tuni. Ukimpeleka B bemoli amepoteza uvumi huo, na nusu ya ladha imekwenda nao.

Ya nne, na hapa ndipo bendi nyingi zinapoharibu, ni kodi za gita, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Tuni nyingi za aina hii si meja wala mainari ya kawaida, na noti ya saba huwa ya chini. Mpiga gita aliyezoea roki au injili ataweka kodi ya tano ya meja kabla ya kurudi nyumbani, na papo hapo wimbo wa miaka mia tatu unageuka wimbo wa redio. Kaa kwenye kodi mbili au tatu. Acha noti ya tatu ya kodi pale unapoweza, ubaki na ya kwanza na ya tano.

Dramu zisimamie kisa, zisikishindanie. Kosa la kawaida ni kujaza mbwembwe mwisho wa kila ubeti. Kisa chenye beti 15 kinakuwa na mbwembwe 15, na ya kumi na sita haina maana tena. Msikilize Mattacks: anaweka mdundo mzito usiobadilika, na nguvu anaihifadhi kwa wakati maneno yamekwisha. Nusu ya pili ya "Matty Groves", wimbo wa dakika 8, ni ala tupu, na inapasuka vile kwa sababu nusu ya kwanza ilibanwa.

Mwisho, fidla na gita la solo vinagombea eneo moja la sauti. Wagawanye: mmoja abebe tuni na mwingine ajibu, au wapige tuni ileile pamoja noti kwa noti. Wote wawili wakibuni kwa wakati mmoja, yanabaki makelele tu. Na fidla yenye kinasa sauti ni sanduku tupu linalotetemeka, kwa hiyo ikiwa mbele ya amplifaya italia mluzi wenyewe. Mpigaji asimame kando ya spika, si mbele yake, na besi za fidla zipunguzwe kwenye mtambo kabla ya kuongeza sauti.

Ule mkusanyiko wa tuni za dansi kwenye "Liege & Lief" unahesabiwaje?

Una tuni nne, na wachezaji wengi hupotelea kwenye ya tatu. "The Lark in the Morning" ni jigi, mapigo sita katika makundi mawili ya matatu. "Rakish Paddy" ni rili, mapigo manne. "Foxhunters' Jig" ina mapigo tisa, makundi matatu ya matatu. "Toss the Feathers" inarudi kwenye rili. Fanyeni mazoezi ya viungo peke yake: vipimo 4 vya mwisho vya tuni moja na 4 vya kwanza vya inayofuata, taratibu, mpaka mpiga dramu asihitaji kuhesabu kwa midomo. Msiongeze kasi kwenye kiungo. Tuni hizi ni za kuchezwa kwa miguu, na kasi ikipita ile ambayo mtu anaweza kuruka, utamu unaisha.

Nyimbo za jadi ni za nani kisheria?

Wimbo wenyewe ni wa wote. Mpangilio ni wa aliyeupanga, na kwenye santuri huandikwa kwamba ni wa jadi, umepangwa na fulani. Bendi inayorekodi inaweza kuandikisha mpangilio wake na kulipwa kwa huo, lakini haiwezi kumzuia mwingine asiimbe wimbo. Mkubaliane kabla ya kurekodi iwapo mpangilio ni wa bendi nzima au wa mtu mmoja. Baada ya santuri kuuzwa, mazungumzo hayo huwa magumu zaidi.

Kwa nini Denny na Hutchings waliondoka mara tu kazi ilipofanikiwa?

Kwa sababu "Liege & Lief" ilikuwa na majibu mawili tofauti. Hutchings alitaka kuzama zaidi kwenye jadi, akaenda kuanzisha bendi ya Steeleye Span pamoja na Tim Hart, Maddy Prior, Gay Woods na Terry Woods. Denny alitaka kuimba nyimbo zake mwenyewe, akaunda bendi ya Fotheringay na Trevor Lucas. Waliondoka Novemba 1969, hata kabla albamu haijafika madukani. Ilifika nafasi ya 17. Mwaka 2006 wasikilizaji wa BBC Radio 2 waliichagua kuwa albamu ya jadi iliyoathiri wengine kuliko zote.

"Full House" bila mwimbaji wa kike inafaa?

Inafaa sana, na tunaona haipewi haki yake. Dave Pegg kutoka Birmingham aliingia kwenye besi, na ndiye mpiga besi wa kwanza wa bendi hii anayeweza kufuatana na fidla tuni nzima. Swarbrick na Thompson wanaimba kwa zamu na kutunga pamoja. "Sloth" inapita dakika 9. Dakika za mwisho Thompson aliomba wimbo "Poor Will and the Jolly Hangman" uondolewe, ilhali majalada yenye jina lake yalikuwa yameshachapwa. Kwa hiyo ukikuta jalada linaloutaja na wimbo haumo, santuri yako haina kasoro. Chapa ya sidii ya 2001 imeurudisha.

Nianze na albamu ipi?

Anza na "Unhalfbricking". Ina kila upande wa bendi: Dylan, utunzi wa Denny, utunzi wa Thompson, na "A Sailor's Life". Kisha "Liege & Lief", kwa mfululizo na bila kuruka, halafu rudi "What We Did on Our Holidays" usikie mbegu zilivyopandwa, ukiutulizia sikio wimbo wa "Fotheringay" na "Meet on the Ledge", ambao Thompson aliutunga akiwa bado kijana wa chini ya miaka 20. "Full House" ifuate. Albamu ya kwanza iwe ya mwisho. Ukitaka kuwasikia wakikopi nyimbo za Marekani katika ubora wao, tafuta "Heyday", mkusanyiko wa rekodi za BBC za 1968 na 1969, wenye Cohen ndani yake.

Nikinunua santuri za zamani nichunguze nini?

Chapa za kwanza za Island zina lebo ya waridi katikati; zile zenye mnazi na ukingo wa waridi ni za baadaye. Namba ni ILPS 9092 kwa "Holidays", 9102 kwa "Unhalfbricking", 9115 kwa "Liege & Lief" na 9130 kwa "Full House". "Liege & Lief" inatakiwa kuwa na jalada la kufunguka.

Jalada la "Unhalfbricking" la Uingereza halina jina la bendi wala la albamu upande wa mbele: utaona wazazi wa Sandy Denny wamesimama mbele ya uzio wa nyumba yao, na bendi ikionekana bustanini nyuma. Hilo ni sahihi. La Marekani lina tembo wa sarakasi.

Angalia pia mtego wa majina. Kampuni ya A&M iliitoa "What We Did on Our Holidays" Marekani kwa jina la "Fairport Convention" tu, jina lilelile la albamu ya kwanza, ambayo huko ilitoka 1970 kwa lebo ya Cotillion. Soma orodha ya nyimbo kabla ya kulipa: ukiona "Fotheringay" hiyo ni albamu ya pili, ukiona "Chelsea Morning" ni ya kwanza.

Kisha omba kusikiliza mwisho wa upande wa kwanza wa "Unhalfbricking". "A Sailor's Life" imewekwa huko, kwenye mifereji ya ndani karibu na lebo, ambako sindano husoma kwa shida na santuri iliyopigwa sana huanza kukwaruza. Ikiwa sauti ya Denny pale mwanzoni ina mikwaruzo ya mfululizo, au fidla mwishoni inakoroma, mfereji umeshaliwa na hakuna kuoshwa kutakakourudisha. Chukua sidii ya 2003, ambayo pia ina "Dear Landlord" na "The Ballad of Easy Rider" kama nyongeza.